Ngozi ya Mtu si Ukuta

Mhariri wetu alipotangaza kwamba kurasa za Kiswahili zingali na nafasi, nilisita siku tatu kabla ya kushika kalamu. Nilisita kwa sababu jambo ninalotaka kulisema lanihusu mimi mwenyewe, wala halinipambi. Wengi wenu mwalijua. Mwaka jana, katika mchezo wetu wa kuigiza wa kufunga mwaka, mimi ndiye niliyempaka rangi mwenzetu aliyekuwa chui. Nilinunua sokoni unga mweusi wa kupaka nywele, nikaukoroga kwa maji, nikamchora madoa mashavuni na pajini. Alipendeza kweli kweli, na watu wakampigia makofi. Siku ya pili uso ukaanza kumwasha. Siku ya tatu ulikuwa umevimba, na malengelenge yametoka kila mahali nilipotia doa. Alikosa masomo siku tisa, na mitihani miwili ikampita. Hata leo ukimtazama vizuri utaona alama tatu zilizopauka kwenye shavu la kushoto.

Baada ya hayo ikatolewa amri: hapana tena rangi juu ya mwili wa mwanafunzi, iwe ni kwa mchezo, kwa ngoma au kwa mpira. Siwalaumu walimu wetu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini nimefikiri sana, na maoni yangu ni haya: kilichomdhuru mwenzetu ni ujinga wangu, na dawa ya ujinga ni kufundishwa. Kupaka mwili rangi ni kazi ya fundi, yenye elimu yake na adabu yake. Yafaa tuijifunze, tusiifukuze.

Mimi nilifundishwa na shangazi yangu. Yeye akaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huu tangu Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura, na kazi yake ni kuchora hina. Baba alinipeleka kwake nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimpaka nini, baba?" Nilipomwambia, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ngozi ya mtu si ukuta. Ukuta ukiuharibu, waupaka chokaa upya. Ngozi nyingine utaipata wapi?"

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata kazini siku za mapumziko, nimshikie taa na bakuli. Kwanza nilijifunza hina yenyewe. Majani ya mhina hukaushwa, hutwangwa na kuchungwa, kisha unga wake hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa saa kadhaa mpaka utoe rangi. Ukishachora, yule aliyechorwa hukaa kwa subira, saa nyingi kadiri awezavyo, ndipo hukwangua bila kuosha. Hapo kwanza utaona rangi ya chungwa tu. Usihuzunike. Kwa muda wa siku mbili rangi ile huzidi kukolea mpaka iwe hudhurungi, kisha hufifia polepole kwa wiki moja hadi tatu, kadiri ngozi ya juu inavyojibandua. Viganjani na nyayoni hukolea zaidi, kwa maana huko ngozi ni nene.

Lakini hina peke yake haiwi nyeusi tititi. Ukiona mchoro uliotoka mweusi kama wino kwa saa moja, jua kwamba umetiwa kitu kingine, na mara nyingi ni ile dawa ya nywele niliyoinunua mimi. Ndani yake mna kemikali ambayo wataalamu huiita parafenilenidiamini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria huiruhusu katika dawa za nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, wala hairuhusu ipakwe juu ya ngozi. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja, huweza kuikataa maisha yote. Rafiki yangu hunitania kwamba mimi ndiye niliyemwamulia azeeke na mvi zake, maana hatathubutu kuzitia rangi nyeusi. Hucheka akisema hivyo. Mimi sicheki sana.

Sasa nawaombeni mtazame kazi za shangazi za siku hizi, kwa sababu hazikomi tena kwenye arusi. Mwaka huu vijana fulani wa mjini walikuwa wakitengeneza sinema fupi yenye mandhari ya arusi, wakamwita amchore bibi arusi. Walitaka kupiga picha siku ileile ya kuchora, kisha waendelee siku mbili zifuatazo. Shangazi akawaeleza kwamba bibi arusi wao angekuwa na mikono ya chungwa siku ya kwanza na ya hudhurungi siku ya tatu, na hali katika hadithi ni jioni moja tu. Wakasema, "Basi, Mama, tumia ile nyeusi ya upesi." Akakataa, akafunga mkoba wake. Mwishowe walikubali achore siku mbili kabla ya kamera kuwashwa. Picha zikatoka sawa toka mwanzo hata mwisho, na mikono ya yule binti ikabaki salama. Fundi aliyeijua kazi yake aliiokoa sinema na mtu pia.

Miezi miwili baadaye aliitwa kwenye tamasha la muziki karibu na ziwa, awapake nyuso na mikono wachezaji kumi. Mwajua joto la huku kwetu kando ya Tanganyika. Mchezaji hutoka jasho kabla hata ngoma haijalia. Alianza saa sita mchana. Kwanza alimwuliza kila mmoja kama ana kidonda au kama ngozi yake huwashwa na mafuta yoyote. Rangi zake zilikuwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya uso, wala hakuchukua kopo la fundi wa nyumba. Alipaka tabaka nyembamba, akaacha ikauke, akaipiga poda. Karibu na macho hakupitisha kitu cha kung'aa hata kidogo. Usiku watu waliwashangilia wachezaji, na ni haki yao. Lakini hakuna aliyeuliza nani aliyewapaka. Malipo yake aliyapata baada ya kuyafuata mara tatu, na mtu mmoja akamwambia, "Si rangi tu, Mama?"

Neno hilo "rangi tu" ndilo ninalolipinga. Hata huko Marekani, kwenye mali nyingi na mitambo mingi, watu waliumia kwa kudhani kwamba ni rangi tu. Mwaka 1938, sinema ya The Wizard of Oz ilipokuwa ikitengenezwa, mwigizaji Buddy Ebsen alipewa kuwa mtu wa bati. Walimnyunyizia uso unga wa aluminiamu. Unga ule ukaingia mapafuni, akashindwa kupumua, akalazwa hospitali. Badala yake aliwekwa Jack Haley, naye akapakwa madini yaleyale, ila safari hii yalikuwa yamekandwa yawe kama uji mzito, yasipeperuke. Rangi haikubadilika, maarifa ya kuipaka ndiyo yaliyobadilika. Mmoja aliugua na wa pili akamaliza kazi yake.

Ni vema pia tusiogope visivyo na maana. Katika sinema ya Goldfinger ya mwaka 1964, mwanamke aliyepakwa rangi ya dhahabu mwili mzima husemwa kuwa alikufa kwa sababu ngozi yake ilikosa pumzi. Hiyo ni hadithi. Chura ndiye apumuaye kwa ngozi. Mtu hupumua kwa mapafu, na mwigizaji mwenyewe, Shirley Eaton, aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ila ni kweli kwamba mwili mzima ukizibwa, jasho hukosa njia na joto hupanda. Ajuaye hayo hatapaka mwili wote wa mchezaji penye jua la saa saba, wala hatakimbia kila akiona kopo la rangi.

Tena kazi hii yaweza kumfikisha mtu mbali. Laolu Senbanjo wa Nijeria alikuwa mwanasheria. Akaiacha sheria akafuata uchoraji, na mwaka 2016 michoro yake ya Kiyoruba ilionekana juu ya miili ya wachezaji katika Lemonade, sinema ya nyimbo za Beyoncé. Na sisi tunayo sinema yetu. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo ilitoka mwaka 1992, na mwaka 2009 likaanzishwa tamasha la sinema la FESTICAB hapa Burundi. Penye sinema hapana budi wawepo watu wa kupaka nyuso, kuchora makovu na kumzeesha kijana. Je, tutawaagiza kutoka nje kila mara, na hali Buyenzi imejaa mikono hodari?

Wako watakaosema kwamba kujipaka mwili ni uhuni. Nami nasema adabu ni ya fundi. Shangazi huchora wanawake mahali pa faragha, na asiyetaka kuguswa haguswi. Wengine watasema hayo si yetu, fahari ya Burundi ni ngoma, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Vyema. Lakini wazee wetu walijipaka siagi ya ng'ombe ili ngozi ing'ae. Na ngoma yenyewe je, haikuwambwa ngozi? Fundi wa ngoma huichunguza ngozi ya ng'ombe kabla hajaiwamba. Sembuse ngozi ya mtu aliye hai!

Kwa hiyo naleta maombi mbele ya walimu wetu na chama chetu cha michezo ya kuigiza. Amri ile ilegezwe kwa masharti. Kwanza, kisipakwe kitu mwilini ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya ngozi, na maandishi ya kopo yasomwe mbele ya mwalimu. Pili, rangi ijaribiwe kidogo ndani ya kiwiko, tungoje siku mbili, na hata ikionekana salama, anayewashwa apewe ruhusa ya kukataa bila kuchekwa. Tatu, unga mweusi wa nywele usiingie kabisa, wala kwa mchezo, wala mikononi mwa dada zetu siku ya Idi au arusi. Nne, aalikwe fundi wa hina atufundishe, naye alipwe kabla ya pazia kufunguliwa.

Sikuandika haya ili nisamehewe. Yule niliyemuumiza alinisamehe zamani, naye ndiye aliyenisukuma niandike. Mwaka huu ataka kuwa chui tena. Amenipa uso wake mara ya pili, kwa sharti moja, kwamba shangazi awe amesimama nyuma yangu. Mimi nimekubali. Sasa twangoja jibu la walimu.