Mashini ya kura: nani alimujaribisha mupiga kura?

Tarehe 30 Desemba 2018, Wakongomani walipiga kura kwa mashini yenye kioo cha kugusa, iliyotengenezwa Korea ya Kusini. Kwa kiti cha Rais peke yake kulikuwa majina 21. Picha na namba za wagombea zilikuwepo. Hata hivyo, mutu ambaye hajawahi kugusa telefone ya kioo alilazimika kuomba musaada, na hapo siri ya kura yake inaingia hatarini. Mashini hizo zilirudi Desemba 2023.

Kuna masomo ya master juu ya jambo hilo: namna ya kutengeneza vyombo ambavyo mutu anatumia bila kusumbuka. Yanafundishwa Carnegie Mellon huko Marekani na University College London huko Uingereza. Mwanafunzi anachanganya kompyuta na saikolojia. Anawapa watu chombo, anaangalia vidole vinakwama wapi, kisha anarekebisha na kujaribisha tena.

Kazi hiyo haifanyiki mbali na watu. Bunia, Bukavu na Uvira zinahitaji vijana waliosomea hayo, na mashini ijayo ipite mikononi mwa wakaaji kabla ya kununuliwa.