Meli ya kuvunja barafu si adui wa barafu
Mwandishi, hapo uliposema meli za kuvunja barafu kama Polar Star ndizo zinazomaliza barafu ya Antaktika, sikubaliani nawe. Meli ile haikati barafu kama kisu. Hupanda juu yake kwa omo, uzito wake ukaivunja, na mfereji unaobaki huganda tena. Isitoshe, barafu ya baharini tayari inaelea, kwa hiyo ikiyeyuka haipandishi sana bahari. Ya nchi kavu ikiyeyuka ndiyo inayotishia Lamu na Mombasa. Na wenzangu mnaouliza yanatuhusu nini sisi wa huku Kaptagat, jueni kwamba barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya inakwisha bila meli yoyote kuipitia. Tena, pasipo mfereji unaokatwa na Polar Star, shehena ya mafuta na chakula haifiki kwa meli kituo cha utafiti cha McMurdo huko Antaktika, na wanaopima barafu ya huko wanakwama. Tafadhali irekebishe aya ile.