Kompyuta Mpakato na Hesabu ya Mwaka wa Nne

Mtu aendaye kununua kompyuta mpakato, awe mwenye duka la vifaa vya ujenzi, au mwalimu, au kijana aliyemaliza chuo na kukusudia kufungua ofisi ya uchapaji, aghalabu huingia dukani na maswali mawili mdomoni: bei yake kiasi gani, na je, ni mpya? Maswali hayo hayana ubaya, kwa kuwa mwenye fedha chache hana budi kuuliza bei, na mwenye kuogopa hadaa hana budi kuuliza umri. Lakini yote mawili hukalia kiti cha swali la tatu lililo bora kuliko hayo, nalo ni hili: mwaka wa nne tangu leo chombo hiki kitakuwa katika hali gani, na kikipatwa na maradhi, nani katika mtaa wangu ataweza kukifungua?

Somo hili nimelilipia kwa fedha yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mpwa wangu, aliyekuwa akianza kazi ya kuandika ankara na hesabu za wenye maduka madogo, kompyuta mpya kabisa, nyembamba, yenye rangi ya fedha, ambayo muuzaji aliifungua mbele yetu kwa taadhima kama mtu afunuaye msahafu. Kabla ya mwaka kutimia ilikuwa ikitaka muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa ili ifungue jedwali moja, na kila ilipotakiwa kusasisha programu zake ilijibu kwamba haina nafasi. Tukaipeleka kwa fundi, kijana mwenye kibanda chembamba kando ya barabara, naye akaigeuza, akaitazama tumboni, kisha akanirudishia mikononi.

"Mzee wangu, hii haina mlango," akasema. "RAM yake imetiwa lehemu kwenye ubao, na hiyo unayoiita diski ni chipu iliyogandishwa humo humo. Hata nikiwa na cha kukuongezea, sina pa kukiweka."

"Basi dawa yake nini, mwanangu?"

"Dawa yake ni kununua nyingine."

Maneno ya kijana yule yalinifundisha zaidi ya matangazo yote niliyopata kuyasoma. Kompyuta mpya za bei ya chini zina desturi moja ambayo mnunuzi hana budi kuifahamu: hutengenezwa zilingane na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, zisikizidi hata kwa shubiri moja. Kampuni ya Microsoft, ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, ilitaja kwamba kompyuta haina budi kuwa na RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Na tazama, ndivyo hasa zilivyo nyingi za mashine hizo, gigabaiti 4 na chipu ya eMMC ya gigabaiti 64, pamoja na prosesa dhaifu kama vile Celeron N4020 yenye viini viwili tu. Kiwango cha chini maana yake ni kiasi cha kuiwezesha programu kuwaka, wala hakuna aliyeahidi kwamba mwenye kuitumia atafanya kazi kwa raha. Windows yenyewe hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na kila sasisho likija hutaka nyingine, mpaka mwenye mali ajikute akifuta picha za harusi ya dada yake ili kompyuta ipate pumzi.

Kuna ukoo mwingine wa kompyuta ambao katika maduka yetu haukai kwenye kioo cha mbele. Ni nyeusi au za kijivu, hazina nakshi, na mara nyingi hupangwa rafu ya chini, hata mtu akikumbuka kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, huona kwamba methali hiyo dukani ina maana yake halisi. Hizi ni ThinkPad, iliyozaliwa katika kampuni ya IBM mwaka 1992 na kupita mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Ni Latitude za Dell. Ni EliteBook za HP. Hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayenunua kwa jicho, bali kwa benki, kampuni za bima na idara za serikali huko Ulaya, Marekani na kwingineko, wanunuzi wa mamia na maelfu kwa pamoja, ambao wana mafundi wao na hawataki kusikia kwamba kompyuta ya karani haifunguki. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka skrubu mahali pa gundi, na hutoa hadharani vitabu vya mwongozo vinavyoeleza hatua kwa hatua namna ya kuondoa kibodi, feni, betri na kioo.

Ofisi hizo hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka mitatu au minne, kwa mujibu wa mikataba yao, hata kama mashine bado zina nguvu. Na zile zinazoachwa hukusanywa na wafanyabiashara, nyingine hupitia Dubai, zikaishia Kariakoo, au katika maduka ya Moi Avenue kule Nairobi. Chukua mfano wa ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za RAM, hivyo aliyeinunua na gigabaiti 8 huweza kuongeza kadiri ya kipato chake. Diski yake hutoka na kubadilishwa kwa bisibisi. Kibodi yake imewekewa njia ya kupitishia maji yakimwagika. Na ina betri mbili, moja ndani na moja nje, hata unaweza kuitoa ile ya nje na kutia nyingine pasipo kuzima mashine. Mwenye kufanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hahitaji kuelezwa fadhila ya jambo hilo.

Tufanye hesabu kwa mfano, ilhali bei hutofautiana mji na mji na mwezi na mwezi. Tuseme kompyuta mpya ya bei nafuu imenunuliwa kwa shilingi 600,000 za Tanzania, ikatumika miaka miwili na kuachwa: mwenyewe amelipa shilingi 25,000 kila mwezi. Tuseme nyingine iliyotoka ofisini imenunuliwa kwa shilingi 750,000, akatoa 150,000 za betri na RAM, ikamtumikia miaka mitano: amelipa shilingi 15,000 kila mwezi. Aliyeonekana dukani kuwa mbadhirifu ndiye aliyeweka akiba, na aliyesifiwa kwa kubana matumizi amejibana mwenyewe. Mfanyabiashara anayejua kwamba pikipiki haihesabiwi kwa bei ya kununulia peke yake, na kwamba mafuta na vipuri vimo katika hesabu, hana udhuru wa kuisahau kanuni hiyo afikapo kwenye kompyuta.

Najua atakayenijibu kwamba ninawahimiza watu wanunue mitumba. Sikatai jina hilo. Lakini mwanamke ajuaye mitumba hanunui kwa kufumba macho. Huigeuza nguo ndani nje, akatazama mishono, akavuta zipu mara tatu, akainua kwapa kwenye mwanga. Ndipo aseme bei. Kompyuta iliyotumika nayo inataka jicho la namna hiyo, maana dosari zake ni za batini, na wauzaji wasio waadilifu wanajua sana kuisugua sura ya nje.

La kwanza ni kusoma namba ya prosesa, wala usitosheke na stika. Watu wengi huambiwa "hii ni i7" wakaridhika, kana kwamba saba hushinda tano siku zote; lakini i7-4600U ina viini viwili, ilhali i5-8250U, ambayo ni ya kizazi cha nane kama inavyoshuhudia tarakimu ya kwanza baada ya kistari, ina viini vinne. Kizazi hicho cha nane kina umuhimu wake wa pili: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo nyuma ya hapo, isipokuwa chache mno, wala haikubali mashine isiyo na kilinzi cha TPM 2.0. Muuzaji akikuletea ya kizazi cha nne au cha sita kwa bei ya kutamanisha, ujue kwamba hapo ndipo ilipofika, labda uwe tayari kuiwekea Linux, jambo ambalo kwa mwenye subira si baya hata kidogo.

La pili ni betri. Usiulize inakaa saa ngapi, kwani jibu la swali hilo ni saa tano daima. Omba ruhusa, uandike katika dirisha la amri maneno powercfg /batteryreport, nayo Windows itakutengenezea taarifa inayoonyesha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo uliobakia leo. Iliyobakiwa na nusu utaibadilisha karibuni, basi gharama hiyo itolewe katika bei hapo hapo, mkiwa mmesimama.

La tatu ni kuizima na kuiwasha upya, ukaingia katika mipangilio ya BIOS. Ukikuta nenosiri usilolijua, au kioo kikaandika kwamba mashine ni mali ya kampuni fulani, iache, hata ikiwa nusu ya bei. Huenda ni ya wizi, au ni ya ofisi ambayo haikuifungua kabla ya kuiuza, na siku moja itakufungia nje ya kazi zako. Baada ya hayo bonyeza kila herufi ya kibodi, chomeka kitu katika kila tundu, fungua na kufunga kifuniko usikilize bawaba, na uiache iwake nusu saa ili feni ikuambie siri yake. Kisha dai risiti halali na muda wa dhamana ulioandikwa, kwa maana dhamana ya mdomo hufa muuzaji akihama fremu.

Wala nisieleweke kwamba jina la ukoo latosha. Kuna waungwana wasiofunguka: ThinkPad X1 Carbon, nyepesi na ya kupendeza, RAM yake imetiwa lehemu kama ile ya mpwa wangu, hivyo anayeichukua sharti aichukue ikiwa imeshakamilika. Kadhalika kuna wanaostahili kununua mpya: ofisi yenye wafanyakazi thelathini inayohitaji mashine za aina moja na mkataba wa fundi kuja mpaka mezani, au mtu ahaririye filamu, ambaye mashine ya miaka saba haiwezi kumbeba. Hao nao, kabla ya kutoa fedha, waulize RAM iko kwenye nafasi au kwenye lehemu, diski ni SSD inayotoka au ni chipu isiyotoka, na betri hupatikana wapi; na wasikubali chini ya gigabaiti 8.

Katika jambo hili serikali nazo zina neno la kufanya. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2021, imewataka wauzaji wa kompyuta mpakato waonyeshe karibu na bei alama, kuanzia sifuri hadi kumi, ya wepesi wa kutengenezeka kwa chombo, ikizingatia upatikanaji wa mwongozo, wepesi wa kufungua, na vipuri pamoja na bei zake. Sioni kwa nini zabuni za shule na halmashauri zetu zisitake habari hizo hizo, zikaandika wazi kwamba mashine isiyofunguka haitashindanishwa, badala ya kumpa ushindi aliyetaja bei ya chini na kumwachia mwalimu mkuu kabati la vyuma vilivyokufa. Nchi yenye vijana wengi wajuao kutumia bisibisi inajinyima yenyewe inaponunua vyombo ambavyo bisibisi haina pa kuingia.

Mpwa wangu sasa ana mashine nyeusi, nzito kidogo, yenye mkwaruzo pembeni uliofanywa na karani nisiyemjua katika nchi nisiyoifika. Imebadilishwa betri mara moja na kuongezwa RAM mara moja, kazi ya nusu saa katika kibanda kile kile. Siku tulipoinunua, muuzaji alitaka kuifungua ili tuone kioo kinavyong'aa. Mimi nikamwomba aniletee kwanza nikiwa sijakiona kioo, nikailaza kifudifudi juu ya kaunta na kuanza kuhesabu skrubu. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia ya soko la mbuzi. Nikazimaliza kuzihesabu, ndipo nikamuuliza bei.