Ziara ya Chuo Iende kwa Baiskeli

Kila mwaka kabla ya likizo ndefu tangazo ni lilelile: ziara ya mbugani, basi la kukodi, fulana, mchango ulipwe kabla ya Ijumaa. Na wanaobaki hosteli ni walewale, ambao bumu lao lilishakwenda nyumbani kulipia mahitaji ya wadogo zao. Mimi nasema hivi: ziara moja kila mwaka iwe ya baiskeli na mahema, na iende Pwani.

Najua mtacheka. Baiskeli kwetu ni ya muuza mkaa na muuza samaki; msomi akionekana juu yake anahurumiwa. Julai iliyopita tulishuka basi Muheza, watu wanne na baiskeli zetu, tukaenda Pangani kisha Tanga. Siku ya kwanza tu mzee mmoja akatusimamisha: "Wanangu, nauli imewaishia?" Tukamwambia hapana mzee, tunatembea tu. Akayatazama mahema, akatutazama sisi, akaagiza tuangushiwe madafu.

Mwezi wa Julai ndio wenyewe, maana ni msimu wa kusi. Kutoka Pangani kwenda Tanga ni karibu kilomita 50 na upepo unakusukuma mgongoni. Ukienda Januari, wakati wa kaskazi, geuza safari. Masika usijaribu kabisa. Wenye majahazi wamepanga safari zao kwa pepo hizi karne na karne. Sisi tunazijibia mtihani tu. Njiani kuna Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya nguzo. Basi linapapita bila hata kupunguza mwendo.

Usihangaike na baiskeli ya gia. Phoenix ya kuazima inatosha. Ni nzito kweli, kilimani utashuka usukume, lakini spoki ikikatika fundi aliye chini ya mwembe anayo nyingine. Mwenzetu mmoja alikuwa na ya gia, mtumba safi kabisa, na tulipoteza nusu siku tukitafuta kipuri.

Hema usipige chini ya mnazi, nazi haina huruma. Ufukweni kaa juu ya mstari wa mwani mkavu, hasa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maana maji ya bamvua hupanda sana. Na kabla ya kufungua mzigo, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukajitambulishe.

Hapo ndipo napata jibu kwa wanaouliza, "Na wasichana je?" Swali ni la haki. Kati yetu wanne wawili walikuwa wasichana, na usiku mmoja mke wa mwenyekiti alikataa katakata walale uwanja wa shule. Hema lao likapigwa mlangoni kwake. Kilichotutisha safari nzima ni malori, si watu. Kwa hiyo vizibao vya kung'aa ni lazima, na jua likizama hakuna kuendesha.

Bajeti ya serikali ya wanafunzi inajadiliwa mwezi ujao. Basi likikodiwa, pesa imekwenda siku hiyohiyo. Hema linarudi stoo na mwakani linatumika tena. Naomba mahema matano, pampu mbili, viraka na gundi. Baiskeli tutaazima wenyewe.