Hiyo "burudani" ina jina

Wadau, kama umewahi kuhudhuria mikutano ya hapa Dodoma, ratiba unaijua. Sala, utambulisho, risala, hotuba ya mgeni rasmi. Katikati kuna mstari mmoja mfupi: "Burudani". Ya nani? Haisemwi. Kesho yake picha inatoka gazetini, akina mama wanapiga muheme juani, na chini imeandikwa "kikundi cha ngoma kikitumbuiza". Mheshimiwa anayetabasamu pembeni ametajwa kwa jina na cheo.

Mnaweza kusema ni jambo dogo. Mimi naona ndiyo sababu muziki hapa kwetu haujawa kazi.

Mkoa huu umetoa watunzi wawili wakubwa. Wa kwanza ni Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi. Alipiga gitaa, alipiga kinanda, aliimba na alitunga. Alipitia Dar es Salaam Jazz, kisha akaunda bendi yake, Afro 70.

Hilo neno "jazz" huwa linatuchekesha vijana. Mbona bendi za wazee zinaitwa jazz na hazipigi jazz? Jazz ya New Orleans ilikua kwa pembe za shaba, zile za bendi za gwaride. Huku kwetu jina lilishika kabla ya mtindo wenyewe. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, zikafuata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz. Kuitwa jazz kulimaanisha ninyi ni bendi ya kisasa ya dansi. Tarumbeta na saksafoni zilikuwemo, ila gitaa ndilo lililokaa mbele. Balisidya alilitendea haki: muulize mzee yeyote kuhusu "Dirishani" au "Harusi". Mwaka 1977 Afro 70 ilikwenda Lagos kwenye FESTAC, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Balisidya akarekodi santuri "Bado Kidogo" na kundi la Archimedes Badkar la Sweden.

Wa pili ni Hukwe Zawose, Mgogo wa ilimba na zeze. Huyu alibaki na vyombo vya nyumbani, na vikamfikisha hadi Real World, lebo ya Peter Gabriel, iliyotoa albamu yake "Chibite" mwaka 1996.

Zawose alifariki Desemba 2003, Balisidya Agosti 2004. Haikupita hata miezi minane kati yao.

Sasa tazama walivyoishi. Wote wawili iliwabidi waondoke. Balisidya alifuata Dar kwa sababu kule kulikuwa na kumbi, viingilio na redio ya kurekodi. Zawose alichukuliwa enzi za Mwalimu akaingia kikundi cha taifa, baadaye akawa Bagamoyo. Yaani kulikuwa na mtu wa kulipa. Kipaji walitoka nacho nyumbani, lakini riziki waliikuta mbele ya safari.

Kisingizio cha kwamba Dodoma hakuna hela kimekufa. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa 1973, Serikali ikaanza kuhamia kweli 2016, na mwaka 2018 tukawa jiji. Makongamano hayaishi. Anayepika analipwa, mwenye viti na maturubai analipwa, MC analipwa tena kwa mapatano ya mapema. Akina mama wa ngoma wanaambulia nauli na soda.

Najua kuna atakayeniambia siku hizi ni Bongo Fleva, ngoma za asili hazina soko. Mbona mwaka 2024 wanawake wa ukoo wa Zawose, The Zawose Queens, walitoa albamu "Maisha" kwa lebo ileile ya Real World? Soko lipo. Ila sisi tunaotoka nao kijiji kimoja tunataka watutumbuize bure, kisha tunajisifu kwamba tunaenzi utamaduni.

Sidai sanamu wala mtaa. Nadai vitu viwili vya bei rahisi. Jina la kikundi na la mtunzi liandikwe kwenye ratiba. Malipo yakubaliwe kabla ya siku, kama ya mpishi. Mtoto wa Mvumi anayejifunza gitaa leo akiona hayo, huenda asikate tiketi ya basi la Dar.

Nawasilisha.