Tangazo limetoka, mbona Google hailioni?

Taasisi za umma katika nchi zetu hutangaza nafasi za kazi, zabuni, ada mpya na tarehe za mwisho za maombi karibu kila wiki. Njia inayotumika mara nyingi ni ileile. Tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, linachapishwa kwenye karatasi, linasainiwa na kugongwa muhuri, kisha karatasi hiyo inapigwa skani na kupandishwa kwenye tovuti kama picha. Maandishi ambayo asubuhi yalikuwa yanasomeka na mashine yoyote, jioni yamekuwa picha ya karatasi.

Kijana aliyeko Sumbawanga au Kitui hapitii tovuti za wizara moja baada ya nyingine. Anafungua simu, anaandika "nafasi za kazi" na kusoma majibu matatu au manne ya juu. Mara nyingi anachokutana nacho hapo ni kurasa za watu binafsi walioketi wakalinakili tangazo lile neno kwa neno. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Wengine wanakosea tarehe, au wanaliacha tangazo la mwaka juzi lionekane kama la leo. Na wapo wanaotunga tangazo zima, kisha wanamtaka mwombaji atume "ada ya fomu" kwa simu. Tapeli haingii kwa sababu anaijua sana Google. Anaingia kwa sababu mwenye tangazo la kweli hakuacha maandishi ya kushindana naye.

Ili kuelewa tatizo linapoanzia, tuangalie jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Injini ya utafutaji haiperuzi intaneti nzima pale unapouliza swali. Muda wote inatuma programu zinazoitwa roboti, ambazo huingia ukurasa mmoja, hufuata viungo vilivyomo, na kuingia ukurasa unaofuata. Zinachokisoma huhifadhiwa kwenye faharasa, mfano wa ile iliyo nyuma ya kitabu, yenye neno na kurasa linamopatikana. Unapouliza, injini inatazama faharasa hiyo na kupanga majibu. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998, walijipatia jina kwa wazo moja la kupanga majibu: ukurasa unaotajwa na kuunganishwa na kurasa nyingi zenye heshima una uwezekano mkubwa wa kuwa na maana.

Kwa hiyo ukurasa unaweza kupotea mapema kabisa. Kama hakuna kiungo chochote kinachoelekea kwake, roboti haina njia ya kuufikia. Tovuti nyingi zina sehemu ya matangazo ambayo inafunguka tu baada ya mtu kuchagua mwaka na idara kwenye kisanduku na kubonyeza kitufe, na kwa kawaida roboti haijazi fomu. Dawa yake ipo tangu mwaka 2005, Google ilipoanzisha utaratibu wa ramani ya tovuti, yaani faili moja linaloorodhesha kurasa zote. Yahoo na Microsoft waliukubali utaratibu huo mwaka 2006. Programu nyingi za kutengenezea tovuti hulitoa faili hilo zenyewe, bila malipo ya ziada.

Tuwe waadilifu kuhusu picha. Google ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaweza kujaribu kusoma maandishi yaliyomo ndani ya PDF iliyopigwa skani. Kujaribu ndilo neno lenyewe. Karatasi ikikaa upande, muhuri ukifunika tarehe, au wino ukififia, mashine inasoma vipande. Na PDF ikisomeka, jina la faili huwa "scan0012", na kiungo chake kimeandikwa "bofya hapa". Mashine itajuaje kwamba ndani yake mna nafasi za wauguzi? Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye orodha ya majibu, ni moja ya alama za kwanza inazozitazama. Tovuti ambayo kurasa zake zote zina kichwa kimoja, "Mwanzo", imejinyima nafasi hiyo kwa mkono wake.

Kisha kuna lugha, na hapa ndipo ofisi na wananchi wanapopishana zaidi. Ofisi huandika "usajili wa vizazi na vifo". Mwananchi huandika "cheti cha kuzaliwa kimepotea nifanyeje". Ofisi huandika "utambulisho wa taifa", na Mtanzania anatafuta "namba ya NIDA". Kiswahili nacho kina ugumu wake kwa mashine: kupotea, kimepotea, kilichopotea na kupoteza vinabeba shina moja, lakini programu iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza haivioni kuwa ndugu kwa urahisi. Ukurasa ulioandikwa kwa sentensi kamili, unaotumia maneno ya ofisi pamoja na yale ya barabarani, unaisaidia mashine kuvuka pengo hilo.

Uingereza ilikumbana na jambo hili ilipoziweka huduma za serikali chini ya tovuti moja, GOV.UK, iliyofunguliwa Oktoba 2012. Waliokuwa wakiijenga walikubali kwamba ukurasa wao wa kwanza hasa ni Google, kwa sababu huko ndiko wananchi wanakoanzia. Wakatazama watu wanatafuta kwa maneno gani, wakaandika kwa maneno hayo. Mwaka 2018 wakaeleza hadharani kwa nini maelezo ya serikali yanapaswa kuwa kurasa za kawaida za tovuti badala ya PDF: PDF ni ngumu kusoma kwenye simu, ngumu kusahihisha, na ngumu kwa watu wenye ulemavu. Sababu hiyo ya mwisho tunaona inapuuzwa sana kwetu. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo nayo inahitaji maandishi. Tangazo la picha ni kimya kitupu kwake, kama lilivyo kwa roboti. Uzito nao una bei: karatasi iliyopigwa skani inaweza kula megabaiti kadhaa za kifurushi cha mtu, na maneno yaleyale yakiandikwa yanahitaji sehemu ndogo sana ya hiyo.

Simu yenyewe imebadilisha mchezo. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuupima ukurasa kwa sura yake ya kwenye simu, na Oktoba 2023 ikasema kazi hiyo imekamilika. Tovuti iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini kubwa ya mkurugenzi, ambayo kwenye simu inaficha nusu ya habari zake, inapimwa kwa ile nusu iliyobaki.

Tunasikia hoja kwamba haya yote yamepitwa, kwa kuwa watu wako WhatsApp, Instagram na Facebook, na ofisi zimewafuata huko. Ni kweli wapo, na hatuoni ubaya tangazo likisambazwa huko. Lakini ujumbe wa kundi la WhatsApp hautafutiki na asiye ndani ya kundi, na baada ya mwezi hata aliye ndani haupati. Kuna na jambo zito zaidi. Uganda iliizuia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Tanzania ilianza kuuzuia mtandao wa X Mei 2025. Ofisi iliyokuwa imeweka matangazo yake huko tu iliwapoteza wasomaji wake kwa siku moja, hata kama haikuhusika kabisa na ugomvi uliosababisha marufuku. Tovuti yako mwenyewe, kwenye anwani yako mwenyewe, haikukingi na kila kitu, lakini haitegemei uhusiano wa serikali na kampuni ya ng'ambo.

Sasa akili mnemba imeongeza uzito wa jambo hili. Tangu Mei 2024 Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya majibu muhtasari unaoandikwa na mashine, kisha ikaupeleka nchi nyingine. Muhtasari huo unaundwa na kile kinachosomeka. Katika hazina kubwa ya kurasa za intaneti inayoitwa Common Crawl, inayotumika sana kufunzia mifumo hii, Kiingereza kinachukua zaidi ya asilimia 40. Kiswahili, chenye wazungumzaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, hakifikii hata asilimia 0.1. Kwenye shamba dogo hivyo, kurasa chache za uongo zinatosha kuharibu mavuno. Ukurasa rasmi usiposomeka, mashine itajibu kwa kutumia ule wa aliyenakili.

Sisi wa redio tuna sababu yetu ya kulijali. Sauti haiingii kwenye faharasa kirahisi. Mahojiano ya nusu saa yasipoandikiwa maelezo huisha pale yanaporushwa, na makala kama hii huandikwa kwa sababu hiyo.

Tahadhari mbili kabla ya kuitisha zabuni ya tovuti mpya. Ya kwanza ni kwa wanaoahidi kukufikisha nafasi ya kwanza kwa njia za mkato. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye majibu yake kwa siku kadhaa, kwa sababu ilitumia kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya roboti tu, ambazo msomaji hakuziona. Kama BMW haikupona, duka la vipuri la Kariakoo halitapona.

Ya pili: si kila kitu kinapaswa kuonekana. Majina ya walioitwa kwenye usaili yakiwekwa pamoja na namba zao za simu, roboti itayasoma bila kuuliza, na tapeli pia. Wengi hudhani faili la robots.txt, lililopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ni kufuli. Ni ombi tu. Roboti yenye adabu hulitii, isiyo na adabu hupita, na anayeandika humo jina la folda ya siri ameitangaza.

Kenya na Tanzania zilipitisha sheria za kupata habari mwaka 2016, Uganda tangu 2005. Ofisi nyingi zinaamini zimeshatimiza wajibu zikipandisha picha ya karatasi. Njia ya kujipima haichukui hata dakika moja: andika kwenye Google neno "site" na nukta mbili, ufuatishe mara moja anwani ya tovuti ya ofisi yako, kisha uhesabu ni matangazo mangapi ya mwaka huu yanajitokeza.