WAUMINI TULINDE CHEMCHEMI, TUSIISHIE KUPANDA MITI

Napenda kutoa maoni yangu juu ya wajibu wa waumini katika kuhifadhi mazingira, hasa sisi wakazi wa Yakobi na mkoa wa Njombe kwa jumla.

Ni jambo la kushukuru kwamba viongozi wa dini wamelivalia njuga suala hili. Kule Kilimanjaro, KKKT Dayosisi ya Kaskazini iliwataka vijana wa kipaimara wapande miti kabla ya kubarikiwa, na Askofu Fredrick Shoo akajulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si' kuhusu utunzaji wa dunia. Pemba nako, mafundisho ya Kurani yalitumika kuwaelimisha wavuvi wa kisiwa cha Misali waache uvuvi wa kuharibu bahari.

Lakini Ndugu Mhariri, hapa kwetu Njombe hatuna shida ya kuhimizwa kupanda miti. Kampuni ya miwati ilianza Kibena mwaka 1949, na leo misindano na milingoti imejaa kila kilima. Shida yetu ni mti gani umepandwa wapi. Milingoti imeteremshwa mpaka mabondeni na kwenye chemchemi, na mti huu hunywa maji mengi. Tena bustani za vinyungu zinalimwa hadi ukingoni mwa mto, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Matokeo yake, akina mama ndio wanaotembea mbali zaidi na ndoo kichwani.

Sisemi milingoti ing'olewe kila mahali. Nguzo na mbao zimesomesha watoto wetu na kutujengea nyumba. Ninachosema ni kwamba ibaki mlimani, na bondeni turudishe mivengi na miti mingine ya asili inayopatana na maji.

Hapa ndipo ninapoziomba dini zetu zitusaidie. Bwana misitu ni mmoja na vijiji ni vingi, lakini kila Jumapili na kila Ijumaa watu hukusanyika wenyewe bila kuitwa na mgambo. Basi kila usharika, kila jumuiya na kila msikiti uchague chemchemi moja na kuitunza. Vijana wa mafundisho wapewe kazi ya kukata milingoti iliyo pale, na kurudi kila mara kuondoa machipukizi, maana kisiki cha mlingoti huchipua tena. Miti ihesabiwe baada ya viangazi viwili, tujue iliyo hai, badala ya kuhesabu siku ya kupanda wakati wageni wa heshima wapo. Na kazi hiyo ianzie kwenye viwanja vya taasisi za dini zenyewe, kwani muumini huangalia anayemhubiria anafanya nini.

Wazee wetu Wabena hawakuwa na semina, lakini msitu wa Nyumbanitu umesimama mpaka leo kwa sababu waliuheshimu. Je, sisi tunaosali kila wiki tutashindwa kuheshimu chemchemi moja?

Tukumbuke pia kwamba maji haya si yetu peke yetu. Mto Ruhuji unaotoka huku kwetu unaingia Kilombero, kisha Rufiji, ambako Taifa limejenga bwawa la umeme la Julius Nyerere. Anayekausha kijito Njombe anapunguza maji ya ndugu zake wa bondeni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chemchemi zetu nazo ni mali, na daftari lake lianze kuandikwa sasa, kabla kiangazi kijacho hakijafika.

Mwananchi,
Yakobi, NJOMBE.